Kitako Kifupi

Karatasi za matangazo ya bunduki mpya ziliwekwa mezani kwangu asubuhi, nikazisoma nimesimama mbele ya jiliwa ninayobania vitako, mikono imejaa vumbi la msasa. Nyepesi kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Mtutu mwembamba uliochongwa mifereji kwa nje, upungue uzito na upoe haraka. Komeo fupi la kuingizia risasi, linalofunguka kwa kupinda kiganja kidogo tu, ili mkono usigonge darubini ya kulengea. Kishikio cha komeo kimetobolewa katikati, kwa sababu hata pale palipatikana uzito wa kupunguza. Kitako cha nyuzi za kaboni, ndani povu gumu, nje rangi ya majani makavu. Halafu chini kabisa, kwa maneno matamu zaidi: kitako kimerefushwa, mpira laini umewekwa upande wa bega, darubini imesogezwa mbele mbali na uso, kwa usalama na raha ya mwindaji.

Hizo tatu za mwisho nilizirudia. Zote tatu zilikuwa zimelipiwa kwa jicho la kulia la mume wangu, na jina lake halikuwemo popote kwenye karatasi ile.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kusamehe. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijawahi kuona sababu ya kuzikunjua. Kazi yangu ni fundi wa vitako katika kiwanda cha bunduki za kuwindia, na vichekesho vyote kuhusu jina la kazi hiyo nimeshavisikia. Wanaume wa kwenye kereza, zile mashine za kuchongea vyuma, huvirudia kila anapokuja mgeni, kana kwamba wamevitunga siku hiyo hiyo. Wacha wacheke. Kitako ndicho kinachokutana na bega la mtu na shavu lake. Chuma kiwe kizuri namna gani, kitako kisipoukubali mwili wa mpigaji, bunduki itampiga teke yeye kabla haijampiga mnyama.

Mume wangu alikuwa mpimaji pale pale. Kila bunduki mpya aliipiga yeye kwanza, kabla haijauzwa. Walimwita Tuli, kwa sababu akishalala kwenye turubai na kushika bunduki ungedhani amesahaulika pale. Nzi angemtua puani asimfukuze.

Na mkurugenzi wetu tulimwita Gramu. Ukimwonyesha skrubu, atakuuliza ina gramu ngapi. Alianza kazi kwenye kereza, tena alikuwa fundi hodari, hilo simnyimi. Yeye na mume wangu walipanga chumba kimoja ujanani, wakagawana sufuria moja na koti moja la baridi. Siku ya harusi yetu yeye ndiye aliyesimama ubavuni kwa bwana harusi. Nyumbani kwangu aliingia bila hodi, akafunua sufuria, akaniita shemeji, nami nikampakulia. Ndiyo maana lililotokea baadaye siwezi kuliita ajali ya kazini. Mgeni akikuumiza unapeleka malalamiko. Huyu alikuwa mtu wa ndani.

Kuna utaratibu mmoja pale kiwandani, wa tangu enzi za mwenye kiwanda wa kwanza. Tunauita kufumba. Mpigaji anafumba macho, anainua bunduki na kuiweka begani kama mwili wake unavyotaka, halafu anafumbua. Akiona duara zima la darubini bila kusogeza shingo, kitako kimemkaa. Asipoliona, anatamka kasoro kwa neno moja, kwa sauti kubwa, kwa sababu watu wote uwanjani wamevaa vifunika masikio: refu, fupi, juu, chini. Halafu anaishusha bunduki, na fundi anaichukua. Hakuna kujadiliana. Ukishafanya kazi pale miaka ya kutosha, neno lile linatoka lenyewe, kama mtu anavyosema samahani akigongana na mtu mlangoni.

Gramu alikuwa amewaahidi wauzaji uzito fulani, na bunduki ya majaribio ikapanda mizani ikazidi kidogo. Alikuja mezani kwangu, akachukua kitako nilichokuwa nimemaliza kukifunga, akakibana kwenye jiliwa na kushika msumeno kwa mkono wake mwenyewe. Akakata kipande cha nyuma, upana wa kidole. Mpira wa begani akautupa, akabandika bamba jembamba la plastiki. Nilimwambia bunduki nyepesi tayari inapiga teke zito, sasa lile teke litakwenda wapi? Na uso wa mtu utasogea wapi, kama si kwenye darubini? Akanipulizia vumbi la kaboni usoni kwa utani.

"Mumeo ana bega, shemeji," alisema. "Mwache alitumie."

Nilikiokota kile kipande sakafuni nikakitia mfukoni mwa aproni. Sikuwa na wazo lolote. Mimi huwa siachi takataka chini ya meza yangu, basi.

Uwanjani mume wangu alilala kwenye turubai, shabaha ikiwa juu ya kilima, jambo ambalo linamlazimisha mtu kuisogeza shingo mbele hata kwa bunduki nzuri. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimeinua kifunika sikio kimoja ili nikaze kitambaa cha kichwani. Akafumba, akainua, akafumbua.

"Fupi," alisema.

Nililisikia wazi. Gramu alikuwa amesimama karibu naye kuliko mimi, amevining'iniza vifunika masikio shingoni, kwa hiyo alilisikia vizuri kunishinda. Mume wangu akaanza kuishusha bunduki. Gramu akainama, akamwekea mkono mgongoni.

"Piga hivyo hivyo, ndugu yangu. Wanasubiri."

Angekuwa mtu mwingine, mume wangu asingepiga. Kwa mtu aliyegawana naye koti la baridi, alipiga. Ukingo wa darubini ulirudi na teke lote ukamwingia juu ya shavu, na nilipomgeuza, ile sehemu niliyozoea kuitazama nikiongea naye haikuwepo tena.

Kikao cha uchunguzi kilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji. Bunduki iliyoletwa pale ilikuwa na kitako kirefu chenye mpira wake mzuri. Nilisema hiyo siyo. Gramu akasema ndiyo hiyo, na kwamba mpimaji aliuweka uso mbele mno kwa uzembe. Nilisema mume wangu alitamka fupi kabla ya kupiga. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani ya kuning'inia, akauliza nani mwingine alisikia. Hakuna, wote walikuwa wamefunika masikio. Akamuuliza Gramu. Yule bwana akaitazama chupa yake ya maji, akasema hakusikia neno lolote. Nikatoa kile kipande mfukoni. Mwenyekiti akakipokea kwa adabu, akakigeuzageuza, akasema karakana yoyote ina mabaki ya aina hiyo, na kwamba wanaelewa uchungu wa mke. Uchungu wa mke. Nilitamani nimrushie chupa.

Wakaandika uzembe. Mume wangu akafutiwa leseni ya kupima bunduki, na hakuna kiwanda kinachomchukua mpimaji mzembe. Kwenye kereza wakampa jina jipya, Uso Mbele. Waliacha kulitaja nilipoingia, lakini si mapema vya kutosha.

Nyumbani alijifunza mambo upya. Kumimina chai ndani ya kikombe badala ya pembeni, kwa kugusisha kwanza mdomo wa birika. Kupita mlangoni bila kuligonga bega la kulia. Kugeuza kichwa kizima akitaka kumwona mtu aliyekaa upande ule. Hakulalamika hata siku moja, na hilo lilinikera kuliko ambavyo kelele zingenikera. Nilitaka alaani, avunje sahani. Yeye alikuwa akisema labda ndugu yake kweli hakusikia, upepo ulikuwepo. Halafu siku moja, tunachambua mchele, aliuacha mkono wake juu ya sinia.

"Hivi," aliniuliza, "nilisema kweli?"

Nilimwambia alisema. Nilimwambia nilisikia kwa sikio langu. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, na nikaona haniamini. Alidhani namfariji. Jicho walikuwa wamelichukua, jina wamelichukua, na sasa walikuwa wanachukua kumbukumbu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Mtu aliyekuwa akiinua bunduki amefumba macho na kujua, sasa hakuwa na uhakika hata wa sauti yake. Siku hiyo niliweka nadhiri kwamba atalisikia neno lile kwa masikio yake, kutoka kwa mtu yule yule aliyelikana, hata kama itabidi nimkamue kama nguo.

Watu waliniuliza nawezaje kuendelea kufanya kazi pale. Dada yangu alininunia kabisa. Nilimuuliza niache kazi ili iweje? Ningemlipizia wapi Gramu, jikoni kwangu?

Nikakaa. Nikawa mtu mzuri. Nilimwamkia, nilimpisha mlangoni, nilicheka kwenye vichekesho vyake. Yeye naye aliacha kuniita shemeji, nikawa fundi. Mchoro wa bunduki ile akaurudisha mezani kwa siri na kuurekebisha, akakirefusha kitako, akarudisha mpira, akaisogeza darubini. Alijua kila palipokuwa na kosa. Mtu asiyejua kosa halirekebishi kwa usahihi namna ile.

Wiki ya uzinduzi aliniagiza nimtengenezee bunduki yake ya maonyesho, ambayo angeipiga mwenyewe mbele ya wauzaji na wageni. Kwa urefu wa mwili wake, fundi, na rangi isiwe na doa. Nilikwenda kwenye rafu ya vitako vilivyopasuka, kule nyuma ya chumba cha kalibu za kuundia vitako, kutafuta kibanio cha kushikia kitako wakati wa kupaka rangi. Mwisho wa rafu, juu, palikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye gunia. Nilikifungua.

Nilikijua kabla sijakipima. Nyuzi za kaboni nilizilaza mwenyewe, na kila fundi analaza kwa namna yake kama kila mtu anavyokunja shuka. Kule nyuma pamekatwa kwa msumeno. Pale pa kulaza shavu palikuwa na doa la kahawia. Chuma chake Gramu alikuwa amekitoa akakitumia kwingine, lakini kitako hakuweza kukitupa. Nilimwelewa, na ndiyo sababu nilizidi kumchukia: fundi hatupi kitako kizuri, hata kikiwa na damu ya rafiki yake. Nilitoa kile kipande mfukoni, kwa sababu sikuwahi kukiacha nyumbani, nikakigusisha pale palipokatwa. Nyuzi zilikutana moja kwa moja.

Ningeweza kukipeleka kwa mwenyekiti. Angekipokea kwa adabu, akakigeuzageuza, na kuniambia tena kuhusu uchungu wa mke. La, asante.

Nilikipaka rangi ya majani makavu, tabaka juu ya tabaka, na doa nikaliacha chini ya rangi. Nikaingiza chuma kipya. Nikairudisha darubini nyuma mpaka ilipokuwa siku ile. Bamba la plastiki nililipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ukilitazama ungeapa ni mpira. Na sitalipamba jambo hili: nilitaka damu yake. Gramu alikuwa na miaka hajapiga bunduki, siku hizi alikuwa mtu wa kuongea. Nilidhani atalala, atapiga, na darubini itarudi kumweleza mambo yote kwa lugha ile ile iliyomwelezea mume wangu. Niliipiga msasa ile bunduki huku nikiimba, na wenzangu wakasema hatimaye fundi wa vitako amepata nafuu.

Mume wangu nilimwambia avae shati lake jeupe, tunakwenda uzinduzi. Alishangaa. Aliuliza kuna nini cha yeye kukifuata kule, akachekwe?

"Kusikiliza tu," nilimwambia.

Uwanja wa shabaha ulikuwa umepambwa, viti vimepangwa kwa mistari, wauzaji wamevaa kofia mpya zenye nembo ya kiwanda. Mwenyekiti wa kile kikao alikuwa mstari wa mbele na miwani yake ya kuning'inia. Mume wangu nilimkalisha mwisho wa safu ya pili. Watu wa kereza walimwona, wakaanza kuangalia viatu vyao.

Gramu alisimama mbele, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola, spika mbili kubwa pembeni. Aliongea vizuri, tena kwa mahaba. Aliupapasa mtutu wakati anaelezea mifereji. Alifungua komeo na kulifunga kwa vidole viwili, watu wakaona jinsi mkono unavyopita chini ya darubini bila kuigusa. Alieleza jinsi kufuli ya usalama inavyoshika komeo lisifunguke porini kwa bahati mbaya. Alipofika kwenye kitako kirefu, mpira laini na darubini iliyosogezwa, alisema haya yote wameyapata kwa kumsikiliza mpigaji.

Nilisikia mtu akicheka. Ilikuwa mimi.

Akaniita nimletee bunduki yake. Hiyo aliyokuwa ameishika ilikuwa ya kutazamwa tu, si ya kupigwa. "Na huyu ndiye fundi wetu wa vitako," akasema, watu wakapiga makofi. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Aliipima uzito hewani, akatabasamu, maana uzito ulikuwa mtamu. Halafu, kwa kupenda sifa, akawaambia wageni kwamba kiwandani kwetu bunduki haipigwi kabla ya kufumba, akawaeleza utaratibu wote kuanzia kwa mwenye kiwanda wa kwanza. Sikuwa nimelitegemea hilo. Akalala kwenye turubai, akasukuma risasi ndani, akaomba kila mtu afunike masikio. Kwa kuwa spika zilikuwa wazi na alikuwa bado anaongea, wengi hawakufunika. Mimi nilivivua vyangu nikavitupa chini.

Alifumba macho. Aliinua bunduki, ikamkaa begani, shavu likashuka juu ya lile doa lililokuwa chini ya rangi. Akafumbua.

"Fupi," alisema.

Lilimtoka lenyewe. Spika zikalitawanya uwanja mzima, likagonga kilima na kurudi. Alishusha bunduki kabla hata hajajua amefanya nini, akageuka kunitafuta kwa hasira ya fundi mwenzangu aliyeletewa kazi mbovu. Kwa muda ule hakuwa mkurugenzi wala mwongo. Alikuwa mtu wa kereza tu.

"Fundi, umeniletea nini hapa? Hiki ni kifupi kwa kidole kizima. Mtu akipiga hivi anatoka na jicho."

Nayo pia ilipita kwenye spika.

Nilisogea mpaka pale alipolala. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nilikuwa na matusi ya kutosha kujaza kapu, lakini nilipofika karibu niliyasahau yote. Nikainama, nikamwekea mkono mgongoni.

"Piga hivyo hivyo, ndugu yangu," nilimwambia. "Wanasubiri."

Nilizungumza karibu na kola yake, kwa hiyo watu wote walisikia. Nilihisi mgongo wake ukikakamaa chini ya kiganja changu. Alinitazama, akakitazama kitako, akakipapasa kule nyuma kwa kidole gumba, na nikaona anakitambua.

"Si hakina kasoro?" nilimuuliza. "Si ulisema ni uzembe wa kuweka uso mbele? Basi weka wako nyuma, upige."

Hakupiga. Alivuta komeo, lile komeo lake zuri la kupinda kiganja kidogo, risasi ikaruka na kuangukia turubai. Hakuna maelezo ambayo angeweza kuyatoa yakasema zaidi ya hiyo risasi. Niliichukua bunduki mikononi mwake, nikalibandua lile bamba kwa ukucha, nikatoa kipande changu mfukoni na kukigusisha. Nikampelekea mwenyekiti, akavaa miwani yake, na safari hii hakugeuzageuza kitu. Pale penye shavu nilikuwa nimepiga rangi bila ya kuitia dawa ya kushika, kwa makusudi. Nilipapangusa kwa kitambaa cha kichwani na doa likaonekana. Nikamwambia hiyo ni damu ya nani.

Wauzaji walianza kusimama. Mmoja alivua kofia yake yenye nembo akaiweka kwenye kiti. Mimi sikuwa nikiwaangalia hao. Mume wangu alikuwa anakuja, anageuza kichwa huku na huku ili asimgonge mtu, na watu wa kereza walimpisha wakiwa wameinamisha nyuso. Alipita pembeni ya Gramu, ambaye bado alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, akaja kusimama mbele yangu.

"Kwa hiyo nilisema," aliniambia.

"Ulisema."

"Nilisema fupi."

"Ulisema fupi, na alikusikia."

Akalia pale pale, mbele ya watu, na jicho lile lisilokuwepo nalo likatoa machozi. Sikujua kama linaweza. Nilimkumbatia, na juu ya bega lake nikamtazama Gramu, nikasikitika jambo moja tu, kwamba hakupiga.

Kazi niliipoteza siku chache baadaye, kwa kuhatarisha maisha ya mkurugenzi. Sikubishana, maana ilikuwa kweli. Kikao kilikaa upya na kulifuta lile neno uzembe, mume wangu akarudishiwa leseni, na Gramu akaondolewa kwenye kiti chake. Bunduki bado inauzwa, nasikia inapendwa, na inastahili kupendwa. Sisi tuna karakana yetu ndogo nyuma ya nyumba. Mimi natengeneza vitako, yeye anapima kwa bega la kushoto na jicho la kushoto, na akifumbua akatamka kasoro, naichukua bunduki hapo hapo.

Gramu alikuja nyumbani mwezi huu. Safari hii alipiga hodi. Amekonda, mashati yanamning'inia. Alisimama mlangoni, akaniita shemeji, akasema amekuja kumwomba ndugu yake msamaha, kama nitamruhusu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake anakunywa chai. Sikumfukuza. Nilimkaribisha vizuri sana, nikamvutia kiti, nikakiweka upande wa kulia wa mume wangu, karibu kabisa na bega lake.

Akakaa. Akaanza kusema tangu chumba kile cha ujanani, sufuria, koti la baridi, msumeno, mkono mgongoni. Alisema alilisikia lile neno na kwamba tangu siku hiyo analisikia kila siku. Alilia. Aliomba kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na kila alipomaliza aliusubiri uso wa mume wangu ugeuke, kwa sababu mume wangu asipogeuza kichwa kizima hawezi kumwona mtu aliyekaa upande ule.

Mume wangu aligusisha mdomo wa birika kwenye kikombe, akajimiminia chai nyingine, akaendelea kutazama mbele.